Chupa ya Maji ya Mtagata

Ninyi mliokusanyika katika vikundi, mwenyekiti na awasogeze wote karibu na redio, na katibu ashike kalamu. Nawe usomaye somo hili baadaye katika kijitabu, tafuta mahali patulivu, maana leo tuna safari.

Tuseme wewe wakaa Ngara, au Biharamulo. Mama yako mzazi ni mtu mzima sasa. Magoti yamwuma, usiku halali vema, na asubuhi huondoka kitandani kwa kushika ukuta. Umempeleka hospitali, akapewa vidonge, akapata nafuu kidogo. Siku moja jirani mzee aja barazani kwako, akuambia, "Mwanangu, mbona wahangaika? Mpeleke mama yako Karagwe, kwenye maji ya moto. Wazee wetu walikwenda kule, wakarudi wakitembea."

Wewe wafikiri. Nauli si ndogo, na njia ni ndefu. Je, umpeleke? Na ukimpeleka, utazamie nini? Hilo ndilo swali la somo la leo. Twaweza kulijibu kwa kubahatisha, kama wafanyavyo watu wengi. Lakini twaweza pia kuiuliza historia, maana wewe si wa kwanza kwenda kwenye maji yale. Watu wamekwenda huko tangu zamani sana, na mmoja wao alichukua chupa ya maji hayo mpaka Ulaya ili yapimwe. Tutaifuata chupa hiyo.

Kwanza tujue mahali penyewe. Chemchemi hizo huitwa Mtagata, na wengine huandika Mutagata. Jina lenyewe latueleza habari, kwa kuwa katika lugha za huko, kama Kinyambo na Kihaya, kutagata ni kuwa na moto. Zamani mahali hapo palikuwa katika ufalme wa Karagwe. Siku hizi ni katika wilaya ya Kyerwa, iliyokatwa kutoka wilaya ya Karagwe mwaka 2012. Mkoa ni uleule wa kwenu, Kagera. Hata mto ni uleule. Mtu wa Ngara aujua mto huo vizuri: maji ya Ruvubu na maji ya Nyabarongo hukutana karibu na maporomoko ya Rusumo, nao mto hushika njia ya kaskazini kati ya nchi yetu na Rwanda, ukapita ubavuni mwa Karagwe na Kyerwa, kisha ukageuka mashariki kuliendea ziwa Viktoria.

Ukitoka Ngara mjini wafika Kasulo, mahali ambapo watu wengi hupaita Benaco. Ukitoka Biharamulo wapita Lusahunga na Nyakahura, ukafika hapohapo Kasulo. Kutoka hapo barabara yapanda kaskazini, yapita katika nchi ya wanyama ambayo tangu mwaka 2019 ni sehemu ya hifadhi ya Burigi-Chato, na kukuingiza Karagwe kwenye vilima vya Bugene. Mbele yake ndiyo Kyerwa.

Usidhani kwamba njia hii ni mpya. Misafara ya biashara iliyotoka pwani ilifika Tabora, na kutoka Tabora ilipanda kaskazini kupita Usui, nchi ambayo sehemu yake kubwa ndiyo Biharamulo ya leo, ndipo ikaingia Karagwe. Walipeleka nguo na shanga, wakarudi na pembe za ndovu. Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, waliifuata njia hiyo mwaka 1861. Walipokuwa Usui, mtawala Suwarora aliwatoza hongo nyingi mpaka Speke akachoka kabisa. Mwezi wa Novemba mwaka huo walifika kwa mfalme wa Karagwe, Rumanyika, katika mji wake wa Bweranyange, naye akawapokea kwa heshima.

Basi hapo twapata somo la kwanza juu ya ugonjwa na uponyaji katika nchi hii. Grant aliugua mguu. Uliota donda, ukavimba, akashindwa kusimama. Mwezi wa Januari 1862 Speke alimwacha, akaenda Buganda peke yake. Grant alilala Karagwe mpaka mwezi wa Aprili, hata alipoondoka alibebwa. Katika miezi hiyo watu wa Karagwe walimhudumia kwa dawa zao. Moja aliyoiandika ilikuwa ya kukanda mguu kwa mchanganyiko wa moto wa samadi ya ng'ombe, chumvi na tope la ziwani. Msikilizaji, usicheke upesi. Samadi juu ya kidonda ni hatari, nasi leo twajua hivyo kwa sababu ya elimu ya vijidudu, ambayo mwaka 1862 hata madaktari wa Ulaya walikuwa hawajaipata sawasawa. Lakini angalia fikira iliyomo: watu hawa walijua kwamba joto hupunguza maumivu, na kwamba chumvi ina kazi yake. Joto na chumvi ni vitu viwili vinavyopatikana pamoja katika chemchemi ya maji ya moto.

Kwa nini maji yatoke ardhini yakiwa ya moto? Wengine husema pana moto chini yake, wengine husema pana mizimu. Jambo lenyewe ni hivi. Mvua ikinyesha juu ya vilima, maji mengine hushuka katika nyufa za miamba, yakaenda chini sana. Nawe fahamu ya kuwa kadiri uendavyo chini ya ardhi ndivyo joto lizidivyo: kwa kila kilomita moja, joto huongezeka kwa kadiri ya nyuzi 25 mpaka 30 za Sentigredi. Maji yakifika chini huko hupata moto, na maji ya moto huyeyusha madini ya miamba kuliko maji baridi, kama vile chumvi iyeyukavyo upesi katika chungu kilichoko mekoni. Kisha hupata ufa mwingine, yakasukumwa juu, yakatokeza bondeni yakiwa bado na moto wake na madini yake. Haihitajiwi volkano. Miamba ya Karagwe ni ya kale mno, yenye umri unaozidi miaka milioni elfu, wala volkano haiko hapo.

Sasa twende mwaka 1876. Mwishoni mwa mwezi wa Februari, Henry Morton Stanley alifika Karagwe akitokea upande wa Buganda. Rumanyika alikuwa angali akitawala, naye sasa alikuwa mzee. Mwezi wa Machi Stanley alikwenda kuzitazama chemchemi za Mtagata, kwa kuwa alikuwa amesikia sifa zake. Habari zake aliziandika katika kitabu alichokitoa mwaka 1878.

Aliona nini? Alikuta bonde lenye miti mirefu, na maji yakibubujika chini ya kilima cha mawe. Alikuta wagonjwa wengi waliotoka katika nchi za jirani, waume kwa wake, wamelala majini katika mvuke. Wengine walikuwa wamejipaka mwilini tope la chemchemi. Alipima joto kwa kipimajoto chake: chemchemi iliyozidi kwa moto ilikuwa na nyuzi 54 hivi za Sentigredi, na zile zilizopoa kidogo zilikuwa na nyuzi 43 hivi. Wagonjwa walizipenda hizi za pili, na walikuwa na akili. Maji ya nyuzi 54 humwunguza mtu ngozi kwa muda usiofika dakika moja.

Msikilizaji, simama hapa kidogo tuyafikiri maneno haya: wagonjwa waliotoka katika nchi za jirani. Huo mwaka 1876 hapakuwa na basi wala zahanati njiani. Mtu mgonjwa alitembea, au alichukuliwa na ndugu zake, akapita mipaka ya watawala wengine, akalala kwa wageni, akala chakula cha wageni. Hawezi kufanya hivyo ila mahali penye amani. Twaweza kufahamu basi kwamba Mtagata haikuwa maji tu. Ilikuwa ni maji pamoja na amani ya mfalme, njia iliyopitika, na desturi ya kumpokea mgeni aliye mgonjwa. Stanley aliandika habari za joto na tope. Hayo mengine yamo ndani ya maneno yake bila yeye kuyataja.

Stanley mwenyewe aliyajaribu maji yale, wala hakuona muujiza wowote. Ndipo akachukua chupa, akaijaza, akaibeba. Hebu ifikiri safari ya chupa hiyo. Ilitoka Karagwe ikashuka Usui, ambako hongo ilidaiwa tena, ikaenda Ujiji, ikafuata mto Kongo pamoja na maporomoko yake, ambako watu wengi wa msafara walikufa maji, kwa njaa na kwa vita, ikatokea bahari ya Atlantiki mwezi wa Agosti 1877. Mwishowe ilifika London, na mabingwa wa dawa wakayapima maji yaliyokuwamo.

Walikuta nini? Walikuta maji yenye magadi kidogo, na chumvi nyingine kwa uchache. Hapakuwa na sumu, wala hapakuwa na dawa ya ajabu. Habari ndiyo hiyo.

Je, twaambiwa basi kwamba wale wote waliokwenda Mtagata walidanganyika? Wapo wanaosema hivyo. Wanasema: mabingwa wamepima, dawa haimo, mambo yamekwisha. Lakini mimi nakuomba usifunge daftari lako bado. Chupa yaweza kubeba maji; haiwezi kubeba joto, maana maji yalifika London yamepoa zamani. Haiwezi kubeba mapumziko ya mwanamke aliyelima maisha yake yote, ambaye kwa mara ya kwanza amelala siku tano bila jembe mkononi. Haiwezi kubeba mazungumzo ya wagonjwa kumi wenye maumivu mamoja. Haiwezi kubeba usafi wa mtu mwenye upele aliyeoga mara tatu kila siku katika maji yenye magadi, ambayo huondoa mafuta na uchafu wa ngozi. Basi ukiuliza, "Katika chupa mna dawa gani?" jibu ni, "Hamna kubwa." Ukiuliza, "Watu walipata nafuu ya nini, na kwa njia gani?" hapo jibu ni jingine, nalo ni refu zaidi.

Tuitazame Ulaya, kwa maana wenzetu wa huko nao walikuwa na maji yao. Pana mji mdogo wa vilimani katika Ubelgiji uitwao Spa. Maji yake ya madini yalisifiwa hata Mfalme Peter Mkuu wa Urusi alikwenda kuyanywa mwaka 1717, na jina la mji huo likawa ndilo jina la kila mahali pa namna hiyo katika Kiingereza. Pana Karlovy Vary katika Ucheki, ambao Wajerumani waliuita Karlsbad. Chemchemi yake kubwa ina nyuzi kama 73. Pana Vichy katika Ufaransa, na Bath katika Uingereza, ambako Warumi walijenga mabirika na hekalu yapata miaka 1,900 na zaidi iliyopita. Mwezi wa Julai 2021, shirika la UNESCO liliiandika miji 11 ya maji ya Ulaya, hiyo minne ikiwa miongoni mwake, katika orodha ya urithi wa dunia.

Katika miji hiyo mgeni alikuta nyumba za kulala, madaktari, barabara za kutembelea chini ya miti, na muziki jioni. Daktari alimwambia anywe vikombe vingapi na alale saa ngapi. Alikula chakula chepesi, akaacha pombe nyingi, akatembea kila siku. Baada ya majuma matatu alirudi kwao na afya, akayasifu maji. Wewe waona mwenyewe: maji yalikuwa ni sehemu moja tu ya dawa.

Wala usiseme ya kuwa jambo hili ni la Wazungu peke yao. Vuka bahari mpaka Madagaska. Juu ya milima yake, mahali penye urefu wa meta 1,500 hivi, upo mji wa Antsirabe. Maana ya jina lake ni mahali penye chumvi nyingi. Wamisionari Walutheri kutoka Norwei waliweka kituo chao hapo mwaka 1872, wakaanza kuyatumia maji ya moto kwa wagonjwa. Wafaransa walipoitwaa nchi, wakajenga hoteli kubwa na nyumba za kuogea, na mwaka 1923 reli ikafika kutoka Antananarivo. Katika miaka ya 1954 na 1955, Sultani Mohammed wa Tano wa Moroko aliyehamishwa na Wafaransa aliwekwa katika mji huo. Mpaka leo maji ya madini ya Antsirabe hutiwa chupani na kuuzwa.

Basi swali hili halina budi kuulizwa: kwa nini Antsirabe ukawa mji, na Mtagata haikuwa mji? Je, maji ya Madagaska yana nguvu kuliko ya Karagwe? Hapana. Tofauti haimo majini. Imo katika mambo yaliyowapata watu.

Rumanyika alipokufa, warithi waligombania kiti, damu ikamwagika katika nyumba ya kifalme. Kisha, kama mwaka 1890 na baada yake, ukaja ugonjwa wa sotoka, ng'ombe wakafa kwa wingi. Na Karagwe ilikuwa nchi ya ng'ombe, yaani utajiri wake, mahari yake na maziwa ya watoto wake. Ikaja ndui, wakaja funza waliokula miguu ya watu mpaka wasiweze kwenda shamba. Katika mwezi wa Novemba 1890, Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani Bukoba, na tangu hapo mambo makubwa ya nchi yakahamia pwani ya ziwa. Ile njia ya Usui na Karagwe ikaachwa. Nchi iliyopoteza ng'ombe wake, mfalme wake na njia yake, itajenga mji juu ya chemchemi kwa kitu gani? Maji yaliendelea kububujika vilevile, moto uleule, magadi yaleyale. Kilichokauka ni kile kilichoyazunguka.

Hilo ndilo fundisho letu kubwa la leo, nalo liandike daftarini: Chemchemi haijengi mji, mji hujengwa na amani, njia, usafi na desturi ya kuwatunza watu. Maji hutoa sababu tu ya watu kukutana.

Sasa turudi kwa mama yako. Nilisema historia itatusaidia kujibu, nami sitaki umalize somo bila jibu.

Mambo matatu ya hatari uyajue kwanza. La kwanza ni vijidudu. Katika mwaka 1978, huko Bath, msichana mmoja aliogelea katika maji ya moto ya chemchemi, akapata ugonjwa wa ubongo akafa. Palikuwa na kijidudu cha namna ya amiba, kipendacho maji baridi yasiyo ya chumvi yakipata joto, ambacho humwingia mtu kwa njia ya pua. Serikali ya mji ilikataza watu kuoga. Walichimba visima vipya kwenda chini zaidi, na nyumba mpya ya kuogea haikufunguliwa mpaka mwaka 2006. Kama mji wenye fedha na maabara ulipatwa na jambo hilo, sisi tuwe na hadhari zaidi. Mama na aoge, lakini asizamishe kichwa, wala asivute maji puani, wala asiingie akiwa na kidonda.

La pili ni kunywa. Watu husema, "Maji ya madini ni dawa, kunywa mpaka ushibe." Lakini madini si yote mema. Katika nchi yetu yako maji mengi yenye floridi nyingi, hasa upande wa Arusha na Meru, na watoto wanaoyanywa meno yao hugeuka rangi ya kahawia, na wengine mifupa hupinda. Shirika la Afya Duniani lasema isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Kwa macho huwezi kuiona, wala kwa ulimi huwezi kuionja. Maji yasiyopimwa ni ya kuoga, si ya kunywa.

La tatu ni joto lenyewe. Mtu mwenye ugonjwa wa moyo au wa shinikizo la damu, na mwanamke mwenye mimba, wasikae katika maji ya moto bila kumwuliza mganga wa hospitali. Mwenye kisukari awe na hadhari kubwa kuliko wote, kwa kuwa mara nyingi miguu yake haisikii vizuri. Ataungua naye hajui.

Tena liko jambo jingine, zito kuliko hayo matatu. Mnakumbuka mwaka 2011, watu kwa maelfu walisafiri mpaka kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kilichouzwa kwa shilingi 500. Walikwenda kutoka kila mkoa na kutoka nchi za jirani, kama walivyokwenda Mtagata zamani. Mimi siwacheki, mtu mwenye maumivu hutafuta. Lakini miongoni mwao walikuwako walioacha vidonge vyao vya kila siku, kwa kuwa waliamini wamekwisha kupona, na wengine hali zao zikawa mbaya. Hapo tumaini limekuwa adui. Mgonjwa aliyesafiri mwaka 1876 hakuacha kidonge nyumbani, maana kidonge hakikuwako. Sisi tunacho. Tukikiacha tumejirudisha nyuma kwa mikono yetu.

Ndugu zetu wa Ankole, katika Uganda, wanacho kisa kimoja cha kufurahisha. Huko Kitagata, mahali ambapo jina lake ni ndugu wa Mtagata, ziko chemchemi mbili. Moja ilikuwa ya mfalme, Omugabe. Ya pili, waendako wagonjwa, watu waliipa jina la Mulago, yaani jina la hospitali kubwa ya Kampala. Angalia jinsi watu walivyo na busara na mzaha pamoja: wanaiheshimu hospitali hata wakaliazima jina lake. Nami nasema, jina na liazimwe, kazi isiazimwe. Chemchemi na iwe chemchemi, hospitali na iwe hospitali.

Wazee wa Ngara waweza kutuongezea neno juu ya hayo. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu yapata 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa kama siku moja, wakaikimbia Rwanda, wakajaa pale Benaco, kwenye njia hiyohiyo tuliyoitaja mwanzo wa safari yetu. Hakuna aliyeuliza maji ya madini. Palitafutwa maji safi, ya kutosha, na mtu wa kuyagawa kwa haki. Maji yaokoayo watu wengi zaidi duniani ni yale yasiyo na sifa yoyote: hayana moto, hayana ladha, hayana jina, ila ni safi.

Basi jibu ni hili. Hospitali ikikuruhusu, nawe ukipata nauli, mpeleke mama yako. Chukua vidonge vyake vyote, na maji safi ya kunywa. Keti naye kando ya maji. Pima joto kwa mkono wako mwenyewe kabla hajatia mguu, na uchague mahali palipopoa. Aoge kwa muda mfupi, apumzike, aoge tena. Siku hizo asichote maji wala asipike. Wewe ndiwe utakayepika. Magoti yake yatalegea kwa joto, atalala usiku, naye atafurahi kwamba mwanawe amesafiri naye. Akirudi nyumbani maumivu yaweza kurudi pia, nawe usiseme amedanganywa. Amepata kile ambacho Mtagata imewapa watu siku zote, nacho hakikuingia katika chupa ya Stanley.

Na ukiwa huko usitupe takataka, wala usifue nguo mahali watu waogapo. Desturi ya usafi ni sehemu ya dawa, na ndiyo sehemu pekee iliyo mikononi mwetu kabisa.

Haya, ndugu wasikilizaji, tumefika mwisho wa somo. Katibu wa kikundi asome maswali yafuatayo, mjadiliane kabla ya kutawanyika.

Maswali ya mazungumzo

1. Ni mambo gani, mbali na maji, yaliyowawezesha wagonjwa wa nchi mbalimbali kukutana Mtagata mwaka 1876?

2. Maji ya chupa yalipopimwa London hayakuonekana na dawa ya ajabu. Je, ni haki kusema kwamba wagonjwa wa Mtagata hawakupata faida? Toeni sababu.

3. Kwa nini Antsirabe ulikuwa mji mkubwa wa maji ya madini, na Mtagata haikuwa?

4. Katika kijiji chenu iko chemchemi, kisima au mto unaosifiwa kuwa na dawa? Wazee wasimulie habari zake, vijana waziandike. Kisha semeni: nani anautunza usafi wake?

Mpaka wakati mwingine, kwaherini.